Mawe ya Bunyore yana lithiamu? Jibu kwa mwalimu wa Luanda

Mwalimu mmoja wa upande wa Luanda, kaunti ya Vihiga, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Habari daktari. Kwa shamba la marehemu baba kuna mawe makubwa ya graniti, yale tu unayaona ukipita kuelekea Maseno. Wiki jana amekuja jamaa na gari safi, akaelekeza kimashine kwa jiwe, kikasoma, akasema ni lithiamu asilimia mbili na anataka tusaini mkataba wa miaka 21. Graniti inaweza kuwa na lithiamu kweli? Na kama inaweza, inaingia aje huko ndani?"

Mzuri mwalimu, na pole kwa mzee. Nianze na kile kimashine kabla sijaingia kwa magma (yaani mawe yakiwa yameyeyuka huko chini ya ardhi), juu hapo ndio kuna haraka. Kama kilikuwa kile kinashikwa kama bunduki, kinapiga eksirei kwa jiwe alafu namba zinatokea kwa kioo, basi hicho hakiwezi kuona lithiamu. Si ati kinaona vibaya, hakioni kabisa. Lithiamu ni elementi ya tatu kwa jedwali, nyepesi sana, na eksirei inayotoa ni dhaifu mpaka haifiki kwa mashine. Kuna aina ingine inatumia leza, inachoma kadoa kwa jiwe na kusoma mwanga wa ile cheche, hiyo inaweza, lakini kama hukuona cheche na jiwe halina kovu, basi ile asilimia mbili jamaa aliitoa kichwani. Kama anarudi mwambie akuonyeshe rubidiamu. Hiyo kimashine chake inaiona vizuri sana, na nitakuambia huko mbele kwa nini ndio namba ya kuangalia.

Sasa swali lenyewe, ambalo ni zuri kushinda huyo jamaa. Ndio, kuna graniti zina lithiamu, na tantalamu na niobiamu (hizo mbili ndio koltani), na stani (ile Waingereza wanaita tin), na berili. Lakini ni chache, ni ndogo, na ukiziona mara nyingi huwezi hata kuziita graniti, zinakaa kama sukari nyeupe iliyoshikana.

Na sukari ndio naanza nayo kila mwaka nikifundisha hii kitu. Mimi nimezaliwa karibu na kiwanda cha sukari upande wa Nyando, mzee wangu alikuwa anapika sukari shifti ya usiku, kwa hivyo graniti nimeielewa kupitia molasi. Unajua venye inaenda: juisi ya miwa inachemshwa inakuwa nzito, chembe za sukari zinaanza kutokea, mchanganyiko unazungushwa kwa mashine, sukari inabaki, ile shira inatoka inarudishwa kupikwa tena, sukari ingine inatoka, inarudishwa mara ya tatu. Kila raundi chembe inachukua sukari peke yake, chumvichumvi na rangi na takataka zingine zote haizitaki, zinasukumwa kwa shira. Mwisho unabaki na molasi, nyeusi tii, ile ng'ombe wanapewa na wengine wanapikia mambo yao. Hakuna mtu ameongeza kitu kwa hiyo molasi, mwalimu. Kila kitu kiko ndani yake kilikuwa kwa miwa tangu shambani, kimebaki tu juu chembe ya sukari ilikikataa.

Magma iko hivyo hivyo. Inapopoa huko chini, fuwele zinaanza kuganda, feldispa, maika nyeusi, kwatzi, na kila fuwele ina nafasi zake ndani za saizi fulani na chaji fulani. Silika inaingia, aluminiamu inaingia, potasiamu inaingia. Tantalamu haitoshei. Sisiamu ni kubwa sana. Lithiamu ni kadogo na ina tabia zake. Basi zinasukumwa kwa uji unaobaki, na uji ukiendelea kupungua zenyewe zinazidi kuwa nyingi ndani yake. Zile mawe zenu kubwa ni sukari. Madini adimu yanakuwa kwa molasi.

Hapo wanafunzi wangu huwa wanatosheka, na hapo ndio nawakatiza juu hesabu haikubali. Wewe ni mwalimu, ifanye na mimi. Ukoko wa dunia wa kawaida una lithiamu kama gramu 20 kwa tani. Kuna graniti moja Ufaransa inaitwa Beauvoir, katikati ya nchi huko Massif Central, watu walikuwa wanachimba udongo mweupe wa kaolini hapo tangu karne ya 19, na mwaka wa 2022 kampuni ya Imerys ikatangaza inataka kutoa lithiamu hapo hapo. Hiyo graniti ina lithiamu kama kilo 4 kwa tani. Hiyo ni mara 200. Sasa kama unataka kitu kiongezeke mara 200 kwa kuganda peke yake, na hata tuseme hakuna fuwele yoyote imeiba kitu njiani, lazima ugandishe asilimia 99.5 ya magma na nusu asilimia iliyobaki uikusanye mahali pamoja. Nani ataikusanya? Uji wa graniti wa kawaida ni mzito kama lami, na ukishabaki nusu asilimia umekwama katikati ya fuwele kama maji kwa sponji, ukikamua hakitoki kitu. Na maika nayo huwa inameza lithiamu kidogo kidogo njiani, kwa hivyo hali ni mbaya zaidi ya hesabu.

Kwa hivyo lazima mambo mawili yawe yametokea. La kwanza, miwa iwe mizuri, magma ianze ikiwa tayari na mtaji. Hii inatokea kama kilichoyeyuka huko chini ni mawe yaliyokuwa matope ya kale, yale yamejaa maika, juu matope hukusanya lithiamu na stani na boroni kutoka kwa mawe yaliyooza juu ya ardhi, alafu yakizikwa na kupikwa, maika inakuwa ndio stoo. Joto likipanda maika nyeupe ndio inavunjika mapema, ile nyeusi inavumilia mpaka zaidi ya digrii 800 hivi, na ikivunjika inaachilia florini na lithiamu na rubidiamu kwa uji. Ukianza na gramu 200 kwa tani badala ya 20, hesabu inalegea, sasa unahitaji kubakisha asilimia 5 tu.

La pili ndio kiini cha swali lako, na ni lile mimi binafsi naona watu wanalipitia haraka sana. Ni vile vitu vyepesi ndani ya magma: maji, florini, boroni, fosforasi, na lithiamu yenyewe. Magma ya graniti ni kama kundi la watu wameshikana mikono, silika na alumina zimefungamana kwa oksijeni, mnyororo mrefu kila upande, ndio maana ni nzito hivyo. Maji yakiingia yanakata mikono. Florini ikiingia inakata pia, na inafanya kazi vizuri hata kwa kiasi kidogo. Uji unakuwa mwepesi, unaweza kupenya katikati ya fuwele na kupanda juu na kukusanyika chini ya paa. Na la muhimu zaidi, haugandi mapema. Graniti ya kawaida yenye maji ya kutosha, kwa kina cha kilomita kama 7, inamaliza kuganda karibu digrii 700. Kusini mwa Peru, Macusani, kuna mawe ya kioo yanaokotwa mtoni, kioo safi cha volkano, na hicho kioo ni tone la mwisho kabisa la magma kama hizi, limejaa florini, boroni, fosforasi na lithiamu, limetoka likapoa ghafla kabla ya kuganda. Walipokirudisha maabara na kukiyeyusha kwa mgandamizo wa kina hicho hicho, na maji ndani, walipata kinabaki na uji mpaka chini ya digrii 500. Fikiria hizo digrii 200 zaidi. Ni muda wote huo fuwele zinaendelea kutoka na uji unaendelea kukolea. Hata kwa sukari ni hivyo bana, mzee alikuwa anasema molasi ya mwisho bado ina sukari nyingi ndani ila chumvi imeishikilia haitaki kutoka, upike mpaka kesho.

Kama florini unaiona kitu ya mbali, uliza mtu yeyote amekulia Nakuru. Meno ya rangi ya kahawia, ile watu wa huku nyanda za ziwa walikuwa wanatania nayo shuleni, ni florini hiyo hiyo. Volkano za Bonde la Ufa zilitapika lava na majivu yenye florini nyingi, maji ya chini yanaipakua kutoka kwa mawe, na kwa sababu maji hayo yana sodiamu nyingi na kalisiamu kidogo, florini haipati mwenzake wa kuganda naye, inabaki tu majini inapanda kushinda ile miligramu 1.5 kwa lita WHO wameweka. Ndio maana huko wanatumia chujio za mkaa wa mifupa, juu mfupa una kalisiamu. Na kule Kimwarer, Bonde la Kerio, florini ilipata kalisiamu yake ikakaa pamoja, wakachimba florispa miaka mingi.

Ngoja nirudi kwa molasi kabla sijapotea. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe walikuwa hawakubaliani hata kama hizi graniti ni magma. Wasovieti wengi miaka ya 1960 walisema hapana, ni graniti za kawaida ambazo maji moto yalipita baadaye yakazibadilisha, yakaleta sodiamu na lithiamu na tantalamu. Haikuwa wazo la kijinga, ukiangalia jiwe chini ya hadubini kweli linakaa kama limeliwa. Alafu mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kovalenko na wenzake wakapata huko Mongolia, mahali panaitwa Ongon Khairkhan, ukuta mwembamba wa jiwe la volkano lenye kemia ile ile, topazi ndani na kila kitu. Jiwe limepanda kwa ufa na kupoa haraka, halikuwa na muda wa kuoshwa na maji ya nani. Wakaliita ongonaiti. Tangu hapo wazo la magma likapata miguu. Lakini maji nayo hayakufukuzwa kabisa, na nitakuambia yanaingilia wapi.

Uji ule mwepesi ukipanda karibu na juu, mgandamizo unapungua, na maji yanatoka kama vile unafungua soda. Hapo vitu vinagawana. Klorini inapenda kuondoka na maji. Florini sehemu kubwa inapenda kubaki kwa uji. Stani na tungsteni zinaweza kusafiri na yale maji moto, zinaingia kwa nyufa za paa na kula graniti yenyewe, feldispa yote inageuka kuwa kwatzi na maika na topazi, na humo ndani unapata kasiteriti, yaani jiwe la stani. Cínovec, mpakani mwa Cheki na Ujerumani, ni hivyo, walichimba stani mamia ya miaka na leo wanataka lithiamu iliyo kwa maika ya hapo hapo. Tantalamu yenyewe ni mzee wa nyumbani, haipendi kusafiri na maji, inaganda ndani ya graniti pale pale. Na kati yake na niobiamu kuna kamchezo: niobiamu inaganda mapema kidogo na maika nayo inaichukua, kwa hivyo kadiri uji unavyozeeka, niobiamu ikigawanywa kwa tantalamu jibu linashuka. Ukoko wa kawaida ni kama 11 au 12. Ikishuka chini ya 5 mimi nakaa wima kwa kiti.

Ndio nafika kwa rubidiamu niliyokuahidi. Rubidiamu inatembea na potasiamu lakini fuwele zinapendelea potasiamu, kwa hivyo nayo inarundikana mwishoni. Graniti ya kawaida ina kama gramu 150 mpaka 250 kwa tani. Hizi adimu zinapita 1,000, Beauvoir inapita 2,000. Bunduki ya eksirei inasoma rubidiamu kwa sekunde chache, kwa hivyo jiwe likisoma 180 hakuna haja ya kuongea habari ya lithiamu.

Stani ina sharti lake lingine, haraka tu: magma isiwe na oksijeni nyingi. Ikiwa nayo, stani inabadilika chaji na inaingia mapema kwa fuwele nyeusi kama magnetaiti, mwisho unafika mikono mitupu.

Kuna ukoo mwingine wa magma hizi ambao uko karibu na wewe kushinda Ufaransa. Ule wa kwanza una alumina nyingi. Huu wa pili una sodiamu na potasiamu nyingi kushinda alumina, na ndani yake zirkoniamu na niobiamu na madini adimu ya udongo (zile zinaitwa rare earths) hayagandi kirahisi, yanaendelea kuyeyukia ndani. Obsidiani nyeusi ya Naivasha, ile ya Olkaria na Eburru, ni uji wa ukoo huo, na florini imejaa. Jos huko Nigeria ni mabinamu zao waliogandia chini, na ndio dunia ilipata stani na kolumbaiti nyingi (hiyo ni jiwe la niobiamu) wakati wa mkoloni. Tofauti ni kwamba ya Naivasha ilitoka nje ikamwagika. Ukimwaga molasi barabarani huwezi kusema una tenki. Kama kuna kilichogandia huko chini taratibu, kiko chini ya visima vya mvuke na hakuna mtu atakichimba leo. (Na usichanganye hii na Homa au Ruri upande ule mwingine wa ghuba, zile ni kabonataiti, familia ingine kabisa, siku ingine.)

Sasa shamba la mzee. Graniti za Bunyore na Maragoli, na Kit Mikayi kule Seme, na lile Jiwe Linalolia la Ilesi, zote ni za ile kratoni ya zamani, yaani kipande cha kale kabisa cha ukoko wa bara, umri wake ni karibu miaka bilioni 2.5 au zaidi. Umri si shida, Bikita ya Zimbabwe ni ya umri unaokaribiana na huo na imetoa lithiamu miongo mingi. Shida ni mbili. Moja ni ukubwa. Beauvoir yote juu ya ardhi haifiki hata kilomita moja ya mraba, ni kakofia kadogo, na nyinyi mna mawe kutoka Luanda mpaka huko Majengo. Kitu kikubwa hivyo ni sukari tu, feldispa kubwa za waridi na maika nyeusi, maika nyeusi ikiwa nyingi ujue uji haujafika mbali. Ya pili ni kwamba molasi hukaa juu chini ya paa, na kwa miaka hiyo yote mvua imenyesha. Kilomita nyingi za mawe zimeondoka. Nyinyi mnalima sakafuni, paa lilienda zamani, na kama kulikuwa na kakofia kenye tantalamu kalienda nalo.

Kwa hivyo kama ningekuwa natafuta, ningeacha yale mawe makubwa peke yake niende pembeni yake, kwa zile lava na matope ya kale yaliyogeuka mawe ambamo graniti iliingia. Hapo uji wa mwisho unaweza kuwa ulitorokea kwa nyufa ukaganda kama mishipa ya pegmataiti, fuwele kubwa kubwa. Ningetafuta feldispa nyeupe kabisa, berili ya kijani, turmalini nyeusi ya mistari, na maika ya rangi ya zambarau inayobanduka kwa ukucha, hiyo ndio lepidolaiti. Zambarau isiyobanduka inaweza kuwa amethisti, isikupeleke mbio. Na ile maika inang'aa kama dhahabu njiani baada ya mvua ni maika nyeusi imeoza, kila mtoto wa Vihiga ameiokota.

Alafu kijito. Watu wa Kakamega wanajua karai tangu zile mbio za dhahabu za miaka ya 1930, kwa hivyo hata si lazima niwe hapo. Chukua mchanga wa kijito kinachopita shambani, osha kwa karai kama mtu wa dhahabu, kwatzi inaenda na maji, ule mchanga mzito mweusi unabaki. Kasiteriti na tantalaiti (jiwe la tantalamu) ni nzito karibu mara tatu ya kwatzi, haziendi popote. Ukaushe juani, alafu upitishe sumaku ndani ya karatasi ya nailoni. Karibu wote utaruka kwa sumaku, hiyo ni magnetaiti, na jamaa wengi wameuza hiyo kama koltani. Ile inabaki ndio nataka kuona.

Kuhusu mkataba, usisaini chochote bado. Kwa Sheria ya Madini ya 2016 madini yaliyo chini ya shamba ni ya serikali kwa niaba ya wananchi, kwa hivyo huyo jamaa hawezi kununua lithiamu kwenu hata kama ingekuwepo, anahitaji leseni ya wizara kwanza na pia ridhaa yenu ya kuingia shambani. Mrabaha ukilipwa unagawanywa, 70 kwa serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali hapo. Muulize namba ya leseni yake ya utafutaji. Mimi nashuku hataki madini kabisa. Mawe kama hayo ukiyapasua ni kokoto, na kokoto ina soko Kisumu kila siku, mkataba wa miaka 21 wa "lithiamu" unampa njia ya kuingiza mashine ya kupasua mawe kwa bei ya kutupa. Soma kama kuna mahali pameandikwa "na mawe mengine yote".

Ukimaliza na sumaku, weka kilichobaki kwa karatasi nyeupe, shilingi moja kando yake, upige picha ukiwa nje kwa mwanga wa jua sio kwa taa, unitumie.